Mafuta ya Mboje

Mwaka ule Jovina alianza kunukia, na kijiji kizima kikajua. Kijiji chenyewe kiko nyuma ya Chala, nyumba hazifiki sitini, na mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye tangu kuzaliwa amenukia sabuni ya mche na moshi wa kuni hawezi kuamka Ijumaa moja akanukia asumini, watu wakanyamaza. Wakasema ana bwana. Wiki mbili baadaye akanukia kitu kingine, wakasema ana mabwana wawili.

Mdomo ni jumba la maneno. Jovina hakuwa na bwana zaidi ya mumewe Nyanda, na mafuta yale hakuyapaka kwa ajili ya mwanamume yeyote. Aliyapaka kwa ajili ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa hataki kumkaribia.

Jovina ni Mfipa wa Msanzi. Aliolewa kwanza na fundi seremala aitwaye Clemens, wakakaa miaka saba bila mtoto, mwisho akarudishwa kwao yeye na godoro lake. Nyanda alikuwa Msukuma aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake akiwa na mke, Mboje, na Mboje akafa kwa homa akaacha binti mmoja, Minza. Nyanda alipokwenda Msanzi kuposa, wazee walimwambia Jovina kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Hawakujua kuwa Jovina alilipenda ua kabla ya boga. Nyanda alikuwa mtu mwema, hana makuu, hanywi kupita kiasi. Lakini kilichomfanya Jovina akubali siku ileile, bila hata kujivunga kidogo kama inavyotakiwa, ni habari kwamba kuna mtoto.

Ua lenyewe halikumtaka. Minza hakulia wala hakutukana. Alikuwa tu hamwiti kitu. Akitaka kusema jambo alisubiri Jovina ageuke ndipo aseme. Chakula alikula kikiwa kimepita mkononi mwa baba yake. Kulala alilala na kanga kuukuu ya mama yake, pua ikiwa imezama ndani ya upindo. Na nywele zake, tangu Mboje azikwe, hakuna aliyezichana. Jovina alijaribu mara mbili, na mara zote mbili majirani walikuja mbio wakidhani mtoto ameungua.

Haya yote yangeweza kungoja, kwa kuwa watoto hukua. Lakini mwezi wa pili ilifika barua kutoka Usukuma. Mama yake Mboje alikuwa amemwandikisha mtu mwenye mwandiko mzuri kwamba mavuno yakishaisha atakuja kumwona mjukuu wake, na akikuta hajatulia, ataondoka naye. Nyanda alisoma, akaikunja.

"Ni haki yake," alisema. "Mtoto ni wa binti yake."

Jirani yao Agnesi, mama wa watoto wanane, aliliweka jambo hilo wazi zaidi. "Bibi akija hataangalia sahani wala kitanda. Ataangalia kichwa. Kichwa cha mtoto ndiyo barua ya nyumba."

Jovina akamtazama Minza aliyekuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha ghala, kichwa chake kama kiota cha kunguru, akaona kwamba barua hiyo inasomeka toka mbali. Aliogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, lakini alikwisha kurudishwa mara moja kwa sababu ya mtoto ambaye hakuzaliwa, na sasa aliona anakwenda kunyang'anywa ambaye amezaliwa.

Wazo lilimjia kwenye boma la ng'ombe. Mwezi wa tatu ng'ombe mwekundu wa Nyanda alifiwa na ndama wa siku tano, na juma lilelile ng'ombe mwingine akafa akaacha ndama. Jovina alidhani hesabu ni rahisi: mama asiye na mtoto, mtoto asiye na mama. Nyanda akacheka. Ng'ombe mwekundu alimpiga yule yatima teke, akamgeuzia pembe. Basi Nyanda akamchuna ndama aliyekufa, akaianika ngozi nusu siku, akamvisha yatima mgongoni na kuifunga kwa kamba chini ya tumbo. Ng'ombe akanusa. Akanusa tena, mkiani na shingoni. Halafu akasimama wima na kuachia maziwa.

"Ng'ombe hana macho," Nyanda alisema. "Ana pua."

Baada ya siku tano akaanza kuikata ile ngozi. Leo kipande cha nyuma, kesho kutwa kipande cha ubavuni, hadi yatima akabaki na kiraka kidogo mgongoni, halafu bila kiraka. Ng'ombe aliendelea kumlamba.

"Hajui?" Jovina aliuliza.

"Nani anajua anachojua ng'ombe?" Nyanda akajibu, akaenda zake kuosha kisu.

Jovina alisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Naye alihitaji ngozi. Siku ile Minza alipotumwa kisimani, yeye aliingia chumbani, akapiga magoti kwenye kitanda cha mtoto, akainusa kanga ya Mboje. Harufu ilikuwa imebaki kidogo sana, kwenye upindo tu, nayo ilikuwa ya mafuta mazuri. Kulikuwa na kitu cha mbao ndani yake, na kitu cha moshi, na chini kabisa kitu kingine ambacho hakukipatia jina.

Alimwuliza Nyanda marehemu mkewe alikuwa anapaka mafuta gani. Nyanda alifikiri kwa bidii.

"Yalikuwa yananukia," alisema.

Wanaume ndivyo walivyo, tuwasamehe.

Siku hizo, kupata mafuta ya kunukia hakukuwa kazi tena. Miaka michache nyuma watu walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai na kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Sasa biashara ilikuwa ruksa, maduka ya Sumbawanga yalijaa hadi barazani, na kila Alhamisi kwenye gulio la Chala alikuja Bi Mwamvita, mwanamke wa Kirando aliyehamia Sumbawanga mjini, na sanduku lake la mbao. Alichanganya mafuta mwenyewe kama mama yake alivyochanganya kule ziwani: mafuta ya nazi ndani, halafu matone ya hiki na kile, akayatia kwenye vichupa vya dawa ya sindano vyenye kifuniko cha mpira. Hakuita wateja. Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza, na kusema kweli kulikuwa na wauzaji wa dawa ya panya waliokuwa wanamtembezea mpaka miguuni.

Hapo ndipo Jovina alipofanya kosa lake. Hakumwambia Bi Mwamvita anachokitafuta. Aliona haya. Mwanamke mzima uende sokoni useme nataka kunuka kama marehemu mke wa mume wangu! Alisema anataka kitu cha kupaka tu, akalipa kopo lake la maharage, akaondoka na asumini.

Asumini aliipaka asubuhi kwenye viganja na mikono hadi kwenye viwiko. Haikunuka kitu. Baridi ya Ufipa ililaza mafuta kwenye ngozi kama watu wanaokataa kutoka kitandani, na hadi saa nne Jovina aliona ametapeliwa. Jua lilipopanda, asumini nayo ikapanda. Saa sita, akisonga ugali, ilikuwa imejaa jikoni pote, tamu, nzito, harufu ya harusi ya watu usiowajua. Minza alipiga chafya tatu akahamia nje.

Ya pili iliitwa Ruksa. Bi Mwamvita aliipa jina hilo mwenyewe, na alijivunia. Ilikuwa na miski, karafuu, na kitu fulani kilichokuja na maboksi kutoka Dubai. Haikungoja jua. Ilimtangulia Jovina mlangoni na ilibaki chumbani alipotoka, na alipoisogezea pua alisikia harufu ya duka jipya, ya nailoni na viatu ambavyo havijavaliwa. Agnesi alikuja kuomba moto ambao nyumbani kwake ulikuwa unawaka. "Mwenzangu," alisema akivuta pumzi, "ni nani huyo? Mimi sisemi." Ruksa haikutoka kwa maji. Ilikaa siku tatu, ikazeeka vibaya, ikabaki karafuu peke yake kama jino bovu. Minza alibeba kigoda chake akakaa upande wa pili wa ua.

Ya tatu ilikuwa waridi, na hii ilimsumbua kwa namna nyingine. Kwa watu wengine labda ni ua. Mikononi mwa Jovina ilikuwa ubaridi wa chumba cha kupigia pasi kule misheni ya Kaengesa, alikofua vitambaa vya altare akiwa msichana, kabla ya Clemens, kabla ya mtu yeyote kumhesabia miaka na tumbo. Alijikuta ananusa kiganja katikati ya palizi. Jioni ilikuwa imefifia ikabaki kama unga laini, na Jovina akasikitika. Aliipenda. Hakuwahi kufikiria kwamba yeye, Jovina, anaweza kuwa na harufu anayoipenda. Minza hakuonyesha kitu, hakusogea mbele wala nyuma, na Jovina akakiweka kichupa juu ya boriti, kwa kuwa hakuwa anatafuta yake.

Ya nne ilikuwa sandali na udi. Hii ilikaa chini, karibu na ngozi, kavu, kama mbao zilizolala karibu na moto. Jovina aliingia nayo ndani akiwa na ndoo kichwani. Minza, aliyekuwa amempa mgongo, aliinua kichwa ghafla. Akageuka na uso uliofunguka wote. Akamwona ni Jovina.

Uso ukafungwa. Mtoto akatoka, akaenda nyuma ya boma, na huko alilia kwa sauti ndogo ambayo Jovina hakuwahi kuisikia kwake. Jovina aliitua ndoo, akanawa mikono kwa majivu hadi ngozi ikawaka. Alijiona mwovu. Siku nzima hakutaka kujitazama.

Lakini alikuwa amekaribia, na mwezi wa tano ulikuwa unaisha, mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Aliinusa tena kanga. Sandali ipo, udi upo. Kilichokosekana ni kile cha chini, kitu chenye utamu uliochacha kidogo, kilicho hai. Alhamisi iliyofuata alikaa mbele ya sanduku la Bi Mwamvita, akasubiri wateja watawanyike, akasema yote: mtoto, kanga, bibi, ndama. Alisema akiwa ameinamisha uso.

Bi Mwamvita alimsikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," alisema, "miezi mitatu unanimalizia chupa, kumbe unamtafuta mtu? Si ungenitajia mtu! Mimi mafuta nayasahau, watu siwasahau. Msukuma mrefu, pengo hapa mbele?"

"Sikumwona mimi. Wanasema alikuwa mrefu."

"Ndiye. Huyo alikataa mafuta yangu ya nazi. Alisema nazi ni ya watu wa kwetu huko majini, ngozi yake yeye imelelewa na samli. Akaniletea samli yake kwenye kibuyu nimchanganyie humo. Nilimcheka siku nzima." Akapanga vichupa upya. "Kumbe amekufa."

Samli! Nyumbani kulikuwa na samli ya kutosha kupaka nyumba. Jovina alikuwa ameipikia, ameiuza, ameikaangia mayai, lakini Mfipa gani atawaza kujipaka chakula? Jumatatu alipanda gari hadi Sumbawanga na kibuyu mapajani. Bi Mwamvita aliiyeyusha samli juu ya makaa, akaacha ipoe mpaka inavumilika kidoleni, akadondosha sandali, akadondosha udi, akamnusisha. Akaongeza tone. Akamnusisha tena. Jovina alitikisa kichwa mara nne, mara ya tano hakutikisa.

Alipoyapaka, mafuta yale hayakufanana na mengine. Hayakungoja jua wala hayakumtangulia mlangoni. Yaliingia kwenye ngozi yakawa kama yamekuwepo, mbao na moshi, na chini yake maziwa. Ilikuwa harufu ya mtu. Jovina aliona ajabu kuivaa, kama kuingia kwenye viatu vyenye joto la mwenyewe.

Siku ya kwanza Minza alikaa mlango wa jikoni, akatazama mikono ya Jovina ikipepeta maharage. Siku ya pili alisogea. Siku ya nne alikuja bila kuitwa, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye paja la Jovina. Jovina alichukua kitana na mafuta, akaanza kuzifungua zile nywele fundo kwa fundo, na ilimchukua mchana wote na asubuhi ya kesho yake, na mtoto hakupiga kelele hata moja. Alisuka mistari minane. Kwa furaha aliyokuwa nayo, mstari wa tatu ukaenda upande.

Jioni ile Nyanda aliingia, akasimama katikati ya chumba. Akanusa. Akatoka, akaenda kukaa na ng'ombe wake mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alikula hivyohivyo. Ilimuuma Jovina, na aliachilia iume, maana alijua ameyataka mwenyewe.

Baada ya hapo Jovina naye akaanza kukata ngozi. Alipaka viganja tu, halafu kiganja kimoja. Halafu tone kwenye kidole. Halafu samli tupu, halafu sabuni ya mche. Minza aliendelea kuja, na kichwa kikafumuliwa na kusukwa upya mara mbili. Jovina alijisifu moyoni. Alimtazama ng'ombe mwekundu akimlamba mtoto wa mwenzake, akamwona kama mtu wanayefanya naye kazi moja.

Bibi alifika mwezi wa saba, siku ya upepo, amejifunga blanketi. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa ametahadharishwa njia nzima kuhusu Sumbawanga, maana sifa ya uchawi ya Sumbawanga nchi hii kila mtu anaijua na kila mtu anaiongezea chumvi. Aliamkiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye mkeka, akamwita Minza. Kama Agnesi alivyotabiri, alimpitisha vidole kichwani kwanza.

"Nani amekusuka?"

"Huyu."

"Huyu nani?"

Minza alimwelekezea Jovina kidole. Jovina aliendelea kumimina chai ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

"Baba yako aliniandikia hutaki kuguswa kichwa. Huyu amekufanyia nini ukakubali?"

"Alipaka mafuta ya mama."

Bibi aliinua macho taratibu. "Mafuta gani, binti? Huku kwenu nimesikia mengi."

Nyanda alitaka kueleza. Aliyeendelea ni Minza, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Alidhani mimi sijui. Mama alikuwa anapaka hapa," akagusa nyuma ya sikio, "huyu anapaka mikononi. Na mama hakuwa na mikono hii."

"Kama ulijua, mbona ulimwendea?"

Mtoto alifikiri. "Alikuwa anatafuta. Kila akitoka gulioni ananuka vibaya. Ile moja ilikuwa nzuri, aliyoificha juu. Nikaona atachoka."

Jovina alihisi damu yote imempanda usoni. Miezi yote ile alijiona mjanja, kumbe mtoto wa miaka sita alikuwa amemhurumia. Aliona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na kitu kitamu kiasi kwamba alilazimika kutazama chini.

"Yalete," bibi alisema.

Jovina alikileta kile kichupa, kimebaki nusu. Alikuwa ametayarisha maneno, kwamba si dawa, si uchawi, aulizwe Bi Mwamvita, ipo samli na sandali na udi basi. Bibi hakumngoja. Aling'oa kifuniko cha mpira, akakisogeza puani.

Akanusa, akanusa tena.

"Samli nilimfundisha mimi," alisema mwisho. "Nilimwambia asipake mafuta ya madukani, yatamharibu ngozi."

Akamimina kidogo kiganjani, akasugua viganja, akajifunika navyo uso. Alikuwa amezika binti yake kwa barua tu, kwa kuwa habari ilimfika mwezi mzima baada ya maziko. Mabega yake yalitikisika na hakuna aliyemgusa. Minza alisogea, akakaa karibu naye.

Bibi alikaa siku nne. Alisaidia kupukuchua mahindi, alikosoa jinsi ng'ombe wanavyokamuliwa, na juu ya mtoto hakusema neno. Jovina hakuthubutu kuuliza. Usiku wa mwisho alizikunja nguo za Minza pamoja na ile kanga, akazifungia kwenye kitenge. Asubuhi, wakisubiri basi pale Chala, mzigo huo ulikuwa kichwani mwake, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa na Minza.

Basi lilifika. Bibi alipapasa upindo wa kanga yake alimofundika kichupa, akahakikisha kipo, akapanda. Halafu akageuka mlangoni, akautazama mzigo.

"Hiyo ni ya nini?"

"Nguo za Minza, mama."

"Rudi nazo nyumbani, zitashika vumbi." Akaingia, akatafuta kiti, na dirisha likafunguliwa. "Mama Minza! Hapa kisogoni usivute sana unaposuka. Mama yake naye alikuwa na kichwa laini."

Jovina alisema hatavuta.